Pedali ya Kushoto

Siku yangu ya kwanza gereji, Lubumbashi, shefu wa ateliye, mkuu wa mafundi, hakunipa spana. Alinipandisha kwenye lori la samaki lililotoka Kasenga, akaniambia niliondoe bila kulizima. Nililizima mara nyingi. "Mukono yako iko na haraka," alisema. "Acha muguu isikie kwanza." Hivyo nilijifunza ambreyaji, ile pedali ya kushoto inayotenganisha injini na bwati ya vitesi, yaani sanduku la gia, ili meno yabadilishane bila kusagana.

Baadaye nilipelekwa Kilwa yetu, si ile ya pwani, kutunza malori. Barabara ya huko ilitufundisha kuiheshimu bwati ya mkono: betri ikifa, watu wanasukuma, unaachia pedali, gari linawaka. Niliporudi Lubumbashi, shefu mpya alinifungulia mezani bwati otomatiki ya kwanza. Humo mafuta yenye msukumo ndiyo yanayobadilisha vitesi, dereva hana pedali ya kushoto. "Usiichukie juu haujaijua," aliniambia.

Maneno hayo niliyahitaji mwaka wangu wa mwisho kazini, alipokuja Papa Ilunga, dereva mstaafu wa malori ya mgodi. Goti lake la kushoto lilikuwa limechoka. Alitaka gari la Kimarekani la silinda nane, yale ya boneti ndefu yanayonguruma hata yakisimama. Muuzaji mmoja alikuwa nayo mawili, moja la bwati ya mkono, moja otomatiki. Papa Ilunga alikuwa amemwahidi binti yake kwamba siku ya ndoa atamwendesha mwenyewe.

"Ya mukono," alisema. "Otomatiki iko ya bantu benye habajue kuendesha."

"Mukubwa, zamani ningekubali. Leo otomatiki inapanga vitesi mbio kupita mukono yako na yangu. Ya mukono imebakia ya raha."

"Basi niachie raha yangu."

Raha ile ni ya kweli, nami naijua. Lakini kwetu msafara wa arusi unakwenda mwendo wa miguu, mpiga video akiwa mbele. Jumamosi tuliliomba lile la mkono kulijaribu, tukaingia nyuma ya msafara wa watu tusiowajua. Kanyaga, achia, simama, kanyaga tena. Karibu na soko goti la Papa Ilunga lilishindwa na pedali, gari likazima. Waliotufuata wakapiga honi wote, wakidhani tunashangilia.

Papa Ilunga alicheka mpaka akafuta macho. "Banapiga klakson sawa miye njo bibi-arusi." Kisha akaweka mkono juu ya goti. "Mutoto wangu hatabakia mu njia."

Alichukua otomatiki.

Ninyi mnaoianza kazi hii, mteja akiuliza bwati ipi ni bora, muulizeni kwanza gari litakwenda wapi, na nani atakaa ndani. Jibu mara nyingi analo mwenyewe. Mpeni nafasi ya kulifikia.

Siku ya ndoa nilikuwa nimekwisha staafu. Nilikaa mbele pamoja naye, binti nyuma. Gari halikuzima. Lakini kila tuliposimama, niliona mguu wake wa kushoto ukikanyaga zulia, pale pasipo na pedali. Wangu pia ulikuwa ukikanyaga.