Nilivyofaulu kisomo kwa kuandika habari za Mla-majani wa Ufipa

Wakuu, habari za humu. Mlioniamkia kwenye uzi wa juzi, marahaba.

Leo nawaletea langu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na majina yote ninayo kichwani.

Ilikuwa enzi za ujamaa, tumeshahamishiwa kijijini, huku juu Ufipa. Nina watoto wawili, kusoma sijui. Kikaja kisomo cha watu wazima, nikaingia.

Mume wangu Desideri hakupenda. Akasema, "Mtihani mmoja tu, mama Yustina. Ukianguka, daftari unaliacha, unarudi kwenye shamba la ulezi."

Siku ya mtihani akaja Mwalimu Mwakalinga kutoka Sumbawanga mjini, mtu wa Mbeya. Akatuambia tuandike habari za mnyama wa kwetu: anaishi wapi, anakula nini, ana faida gani. Kisha kila mtu asimame asome.

Wenzangu wakaandika ng'ombe. Ng'ombe mfululizo, wakuu, mpaka mwalimu anapiga miayo.

Mimi nikaandika Mla-majani.

Msiokuwa wa huku: sisi tunafukia majani kwenye matuta ya duara, makubwa kama vichuguu, yaoze ndipo tupande. Wakubwa walitufundisha kuwa humo ndani anaishi mnyama, ndiye anayeozesha.

Nikasoma: "Mla-majani ni mkubwa kama paka. Hana macho, maana kazi yake ni ya gizani. Anakula majani, anakunya udongo mweusi. Akikanyagwa na mwenye viatu anahama yeye na mke wake. Faida yake ni ugali."

Mwalimu akasema, "Mama, nimesema mnyama. Huyu hayupo."

Akashika kalamu nyekundu. Nikaona daftari langu linakwenda.

Bibi Filomena, mwenzetu wa darasani, akasimama, mkali yule. "Mwalimu, mama Yustina amekosea."

Nikaanza kufunga daftari. Yeye akaendelea:

"Hana mke. Anazaa mwenyewe."

Leokadia akadakia, "Mke anaye. Wa kwenu bondeni ndiye mjane."

Darasa likawaka. Ana mkia, hana mkia. Kama yupo, hakuna aliyeuliza hata mmoja.

Mwalimu akasema, "Haya, nionyesheni."

Shamba lilikuwa hapo nyuma ya darasa. Bibi Filomena akamzuia ukingoni: "Viatu, baba." Akavua. Nikatoboa tuta moja kwa jembe, nikamwambia atie mkono.

Akatia mpaka kwenye kiwiko. Akautoa haraka.

"Kuna joto," akasema.

Bibi Filomena akamjibu, "Umemgusa tumbo. Ametoka kula."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaandika maneno kwenye daftari langu, nami nikayasoma mwenyewe mbele ya wote: *Amefaulu. Mnyama achunguzwe zaidi.*

Nyumbani nikamsomea Desideri yote, neno kwa neno. Akasema, "Hukuandika kwamba anapenda mvua."

Wiki iliyofuata alikuja darasani, akakaa nyuma yangu, akawa ananiuliza herufi.

Nilichojifunza: kisomo hakikunipa akili mpya. Kilinipa pa kuiweka ile niliyokuwa nayo.

Haya, watu wa Kirando, Wampembe na Kasanga, najua ziwani mna wenu. Waandikeni hapa chini, wanakula nini, wanalala wapi. Na anayetaka kubisha namkaribisha, ila aseme kwanza ameshawahi kulima tuta la Kifipa.