Mbuzi Aliyekipita Kisima

Mimi shule niliiachia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Nyumba nilizojenga kutoka Shella hadi Mnarani zipo, nendeni mkazitazame. Hakuna ukuta wangu uliopata kuinama. Ndiyo maana binti yangu wa miaka kumi na mmoja alipoleta nyumbani tableti ya shule, niliona tumekuwa fani moja.

Alikuwa akishikanisha vipande vya rangi kwa kidole, kila kimoja na agizo lake, na mbuzi kwenye kioo akiyafuata. Mbuzi alikwenda, akafika kisimani, akasimama kunywa. Jumatatu angemwonyesha shuleni mbele ya wazazi wote.

"Umeanzia juu," nikamwambia. "Msingi huwa chini."

"Baba, hii yasomwa kutoka juu kwenda chini."

"Mamangu, mimi nimejenga kabla hujazaliwa."

Mama yake, aliyekuwa akikuna nazi, akacheka. "Fundi wa Malindi nzima, na kuku wangu walala nje!"

Jumamosi alipokwenda madrasa, niliichukua. Nilitaka kumsaidia, wallahi. Nikavibomoa vyote nivipange kwa kanuni ya ujenzi. Kipande cha kuanzia nikakiweka chini kiwe msingi. Kumbe kina kichwa cha mviringo, hakibebi kitu. Jasho likanitoka. Nikavirudisha nilivyovikumbuka. Kulikuwa na kimoja kikubwa chenye mdomo, cha kurudia bila kukoma yaliyomo mdomoni; ndani yake alikuwa ametia cha "ikiwa", kinachomuuliza mbuzi kama amefika. Hicho nikakiweka juu ya mdomo, kama linta juu ya mlango. Nikabonyeza, mbuzi akatembea. Mara nikasikia hodi ya binti yangu. Nikaizima kabla mbuzi hajafika kisimani.

Jumatatu nilikaa kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi. Mbuzi akaenda, akakifikia kisima, akakipita. Akagonga ukingo wa kioo, akabaki akipiga miguu pale pale.

"Huyo aenda Matsangoni!" mtoto mmoja akapiga kelele. Darasa zima likacheka.

Binti yangu akavitazama vipande. Kisha akanitazama mimi.

"Kumetokea nini?" mwalimu akauliza.

"Nimeweka 'ikiwa' nje ya kurudia, mwalimu. Anaulizwa mara moja tu, mwanzoni. Hapo kisima kingali mbali."

Nimeweka, alisema. Nikainuka niseme ni mimi. Nikawaona wazazi wenzangu, wawili kati yao ni vibarua wangu, na kilichonitoka mdomoni ni, "Mwalimu, mpe nafasi arekebishe."

"Muda wake umekwisha, baba. Wengine wangoja."

Nikaketi. Mimi, ambaye matajiri wa Watamu huningojea.

Nje ya lango nikamwambia, "Mamangu, niambie nifanye nini."

"Hakuna, baba." Akanipa mfuko wenye tableti, maana ulikuwa ukimlemea. "Nibebee tu. Usifungue."