Jiwe la Shaba Nililolisugua kwa Ndimu

Nyumbani kwangu Kiganjo ndimu haiingii. Mgeni anayetaka kukamulia supu yake aje nayo mfukoni, na akimaliza aondoke na maganda yake. Wanangu hucheka wakidhani ni uzee. Si uzee. Ndimu ikikutana na majivu hutoa harufu fulani ya uchachu na vumbi, na harufu hiyo ikinifikia narudi Ruiru, kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ya memsaab, yule bibi wa Kizungu, nikiwa na miaka minane.

Baba yangu alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba hiyo, katikati ya shamba la kahawa. Alipiga pasi, aliandaa meza, na kila Jumamosi alisugua vyombo vya shaba: vitasa vya milango, vinara vya mishumaa na sinia kubwa la chai. Mimi nilimsaidia. Nilikuwa kifungua mimba wake, nikapewa jina la mama yake kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu, kwa hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. "Maitu, lete majivu. Maitu, usimalize ndimu zote." Alinifundisha kanuni moja tu: shaba ikiota kijani, hiyo ni kutu. Paka majivu, kamulia ndimu, sugua kwa gunzi la mahindi mpaka shaba icheke.

Ndani ya nyumba, kwenye kabati la vioo, memsaab aliweka mkusanyiko wake wa mawe. Alilopenda kuliko yote alikuwa ameletewa na marehemu mumewe kutoka Kongo. Lilikuwa la ukubwa wa parachichi, lakini ukilishika lilikulemea mkono. Juu lilikuwa na chembe za buluu zilizochongoka, zinazometameta. Chini lilikuwa la kijani, laini kwa macho kama kuvu ya ukutani, na pale lilipovunjika uliona miduara, kijani kizito na kijani chepesi vikifuatana. Baba alinieleza alivyoelezwa na memsaab. Jiwe hilo ni la shaba. Shaba ikikaa ardhini miaka mingi na maji na hewa, huzaa rangi hizo. Ile buluu nayo hugeuka kijani polepole, na ikishageuka hairudi tena. Tena ni jiwe laini, hata msumari hulikwaruza, ndiyo maana Baba alilipangusa kwa unyoya wa kuku tu.

Sasa, mtoto husikia anachotaka kusikia. Mimi nilisikia mambo mawili: shaba, na kijani.

Jumamosi moja memsaab alikuwa akingoja wageni kutoka Nairobi, wapenda mawe kama yeye. Baba alikuwa hajakaa chini tangu alfajiri. Alilitoa lile jiwe ili alipanguse, akaliweka kwenye meza ya baraza, akaenda kuchinja kuku. Nikamwonea huruma. Wageni waone shaba ya memsaab ina kutu kiasi hicho, halafu lawama zimwangukie nani? Nikakamua ndimu sita kwenye bakuli, nikalitumbukiza jiwe. Viputo vidogo vikaanza kupanda. Jamani, nilifurahi! Nilijua uchafu unatoka. Nikapaka majivu, nikasugua kwa gunzi kwa nguvu zangu zote, na maji yakageuka kijani. Chembe za buluu zilififia. Ile kuvu nzuri ilitoka. Nikangoja shaba nyekundu ionekane, lakini chini yake hakukuwa na shaba. Kulikuwa na jiwe la kahawia tu, kama yale ya barabarani.

Baba alirudi, akatazama bakuli. Hakunipiga. Alinifuta mikono kwa aproni yake, kidole kimoja kimoja. "Nenda nyumbani, Maitu," akasema. "Na usiseme kitu. Hata kwa mama yako usiseme."

Sikwenda nyumbani. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, hatua chache tu, nikamwona memsaab akitoka.

"Nani nafanya hii?"

"Ni mimi, memsaab. Nilidhani ni kutu."

"Wewe? Miaka tisa wewe naangalia hii mawe. Sema kweli. Ni wewe?"

"Ni mimi, memsaab. Nilisahau."

Memsaab aliketi kwenye ngazi na bakuli mapajani, akalia. Nami nilimshukuru Mungu kwamba hakujua ni mimi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mkikuyu asiye na sahihi ya mwajiri kwenye kipande, kitambulisho chake, hakuwa na pa kusimama. Baba alifukuzwa siku hiyo hiyo, bila sahihi. Jumatatu alishika njia kwa miguu kwenda Thika kutafuta kazi, askari wakamsimamisha kabla hajafika, wakampandisha lori. Tulisikia yuko kambi moja, kisha nyingine, kisha hatukusikia tena. Kaburi lake silijui.

Mama alituhamishia Thika, akafanya kazi ya mkonge mpaka viganja vikapasuka. Hakuwa mtu wa uchungu, ila unga ulipokwisha alisema, "Baba yenu aliponzwa na uzembe. Miaka tisa, halafu eti anasahau!" Nami nilinyamaza. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuwa niliagizwa, baadaye kwa woga, na mwishowe sikujua tena ningeanzia wapi. Mama alikufa akiamini hivyo.

Nilipofika sekondari, mwalimu alidondosha asidi juu ya unga wa kijani wa shaba, na viputo vikapanda. Akatuambia kwamba kinachotoka pale si uchafu. Ni unga wenyewe unaokwisha. Niliomba ruhusa nikaenda kulia nyuma ya choo. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu nilimpata nikiwa na miaka minane.

Lakini jambo kubwa zaidi nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima. Memsaab aliuliza mara mbili. Hakumwamini Baba. Alikuwa anangoja jibu jingine, na pengine angemsamehe mtoto, maana alizoea kunipa biskuti. Neno langu moja lingetosha. Baba aliniita mama yake tangu nilipozaliwa, na siku aliyohitaji mama, nilikaa kimya nyuma ya tangi.