Mkataba Usiotulia

Mimi ni mtu wa kushuku. Sikuzaliwa hivyo, kazi ndiyo iliyonifanya hivyo. Natunza stoo ya vifaa vya ujenzi, na stoo ina sheria yake: dereva anayekuchekea sana ndiye unayemhesabia mifuko mara mbili. Mke wangu husema siku malaika wakija kunichukua nitawaomba kitambulisho kwanza. Anasema kwa utani, lakini mimi sioni kosa liko wapi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa mwisho aliponitumia linki ya mkataba wake kwenye simu na kuandika, "Kaka, printi, saini, upige picha unirudishie leo leo," kilichonikaa kooni hakikuwa mkataba. Ni hilo "leo leo".

Alikuwa amepata kazi za ndani Uarabuni kupitia kwa wakala wa Dar es Salaam, mtu ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumwona isipokuwa kwenye picha ndogo ya duara kwenye simu. Binti alikuwa amemaliza kozi ya hoteli, akazunguka mjini na vyeti mpaka viatu vikaisha soli, kisha akarudi Oldonyo Sambu kwa mama kupalilia karoti. Baba yetu alishafariki, na wakala alitaka sahihi ya kaka mkubwa. Bila mimi hasafiri. Nikisaini, nimemkabidhi mtoto wa mama yangu kwa watu nisiowajua. Ndivyo nilivyoliona jambo hilo, na niliogopa.

Nilianza na steshenari ya jirani, hapa Levolosi ninakoishi. Dada wa pale alifungua linki kwenye kompyuta yake, nami nikasimama nyuma ya bega lake nikimwambia asibakize nakala.

"Kaka, hapa watu wanaprinti hadi barua za talaka," alisema bila kugeuka. "Mkataba wako nina shida nao gani?"

Printa yake ilikuwa imechoka. Wino ulififia upande mmoja, na mstari wa mwisho wa kila ukurasa ulikatwa kiunoni. Niliusoma hivyo hivyo, kidole juu ya maneno. Siku ya mapumziko ni Ijumaa. Pasipoti atakaa nayo mfanyakazi mwenyewe. Ataruhusiwa kupiga simu nyumbani. Nilitafuta ubaya nikaukosa, na kuukosa kukanitia wasiwasi zaidi, maana mbuzi anayeuzwa kwenye gunia naye hupigiwa sifa nzuri nzuri. Nikaziweka zile karatasi juu ya kabati, nikampigia mdogo wangu kumwambia wino umefifia, nitaprinti kwingine.

"Kaka, unachelewesha."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu, akakata simu.

Wiki hiyo bosi alinituma Terrat kupokea mzigo wa mabati. Karibu na pale niliona steshenari yenye printa mpya, bado ina plastiki yake juu, na mwenye duka akiifuta vumbi kila dakika. Nikamfungulia linki. Karatasi zilitoka safi, maandishi meusi tii. Ila mistari ilikuwa imehama. Kilichokuwa mwisho wa ukurasa wa pili sasa kilikuwa juu ya ukurasa wa tatu, na herufi zilikuwa nene kuliko zile za Levolosi. Nikasoma pale pale kwenye kaunta. Penye Ijumaa paliandikwa: siku ya mapumziko itapangwa na mwajiri.

Machale yakanicheza. Nikamuuliza mwenye duka kama printa yake huwa inabadilisha maneno.

Alicheka hadi akashika kaunta. "Braza, printa haijui kusoma. Inatema ilicholishwa."

"Mbona mistari imehama?"

"Kila printa na tabia yake. Maneno ni ya kwako, umekuja nayo mwenyewe."

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa bado nimesimama mlangoni pa duka lile. Nikamuuliza kama ule mkataba wa kwanza aliusevu. Akasema aliusevu, na ndio huo huo, hakuna mwingine. Alisema upesi, kisha akauliza kama nimeshasaini.

Basi mwizi lazima awe Levolosi. Nilijiaminisha kwamba yule dada, na kompyuta yake iliyojaa mikataba ya watu, alichanganya wetu na wa mtu mwingine. Jioni nikaenda kumkabili, karatasi za mwanzo mkono mmoja na za Terrat mkono mwingine. Wateja walikuwa wamejaa wakisubiri fotokopi. Aliniacha nibweke mpaka nikaishiwa.

"Kaka," akasema, "mimi nikubadilishie Ijumaa ili iweje?"

Watu wakacheka. Niliona haya, na hasira pia, nikakusanya karatasi zangu nikatoka. Nyumbani mke wangu alizitandika zile karatasi juu ya meza, akazisoma zote. Nilitegemea aseme nimeanza mambo yangu. Badala yake alisema, "Nenda kwa mama ukamwone mtoto kwa macho."

Jumamosi nikapanda Oldonyo Sambu. Pale senta kuna kibanda kinachoprinti kwa umeme wa sola, na nilisimama hapo kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimejiwekea nia: nikiuprinti mahali pa tatu, nitajua kati ya wale wawili nani mwongo. Printa ya pale ililia sana, ikatoa karatasi zenye mchirizi mweusi katikati. Hazikufanana na za Levolosi wala za Terrat. Mapumziko yalikuwa bado mikononi mwa mwajiri. Na pasipoti, ile ambayo mfanyakazi angekaa nayo mwenyewe, sasa ingehifadhiwa na mwajiri kwa usalama. Kwa usalama! Nilitembea kutoka senta hadi nyumbani huku nikilisema neno hilo kwa sauti.

Mama alikuwa uani akichambua maharage. "Shikamoo, yeyo," nikamwamkia, kwa kuwa sisi mama tunamwita kwa Kimaasai hata tukiongea Kiswahili. Aliitikia, akaniangalia, akaacha maharage. Mdogo wangu alikuwa ameshanipangia kiti na meza, na peni juu yake.

Sikukaa. Nilizipanga karatasi zote mezani. "Huu mkataba uliousevu uko wapi? Nionyeshe."

Akatoa simu, akanionyesha. Alikuwa ameisevu linki chini ya jina la wakala, mahali pale pale alipoandika namba yake.

"Umeisevu hivi?"

"Si kama namba, kaka? Nisevu vipi tena?"

Ndipo nikaelewa. Hata mimi nilikuwa nimezunguka na linki hiyo hiyo kwenye simu nikidhani nimebeba karatasi. Ukisevu namba ya mtu, mtu mwenyewe anabaki kwake. Anakula, ananenepa, anahama. Mkataba haukuwa kwenye simu ya mdogo wangu hata siku moja. Ulikuwa kwa wakala, na kila tulipoigusa ile linki tulipewa ulivyoamka siku hiyo. Printa zote zilikuwa zinasema kweli.

Nikaigusa. Mama akasogea, akaegemea bega langu ingawa Kiswahili cha kuandikwa hakimwingii vizuri. Nikawa nausogeza mkataba kwa kidole, taratibu, nikimsomea kwa sauti. Tulipofika penye kupiga simu nyumbani, mstari ukaanza kwenda. Hakuna aliyeugusa. Herufi ya mwisho ikafutika, kisha iliyofuata, kisha neno zima, kana kwamba kuku anadonoa punje moja moja. Halafu pakawa peupe, na mistari ya chini ikapanda kufunika pengo.

"Kimeondoka nini?" mama akauliza.

Nilimgeukia mdogo wangu nikitegemea kumkuta amepigwa na butwaa, nimshike mkono, tumlaani wakala pamoja. Hakuwa amepigwa na butwaa. Alikuwa anaangalia peni.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Mwanzoni sikujua. Uliponipigia kutoka Terrat, nilikuwa nimeshaona."

"Ukaniambia ni ule ule?"

"Kaka, kila siku naufungua. Wanapunguza. Ukichelewa, wanapunguza tena. Niliomba usaini kabla hawajamaliza." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichukua karatasi za senta, zile zenye mchirizi, akazilinganisha kingo kwa viganja, akanisogezea pamoja na peni. "Saini huu wa leo. Humu simu bado ipo. Wa kesho utakuwa mbaya zaidi."

Nilikuwa nimepanda mlima na hasira za kutosha ukoo mzima, na sasa sikujua nimpe nani. Nilimwambia karatasi ile haimfungi mtu anayeweza kufuta maneno akiwa Dar es Salaam huku sisi tunatazama. Nilimwambia kazi zitapatikana. Akaniuliza ni zipi, na mimi, mwenye swali kwa kila mtu, nikaisukuma peni irudi kwake.

Sikusaini. Nikizikumbuka zile herufi zikiondoka moja moja najua nilifanya sawa, na ningefanya vile vile tena. Yeye bado yuko kwa mama, bado anapalilia karoti. Nikienda ananiandalia chai, ananiwekea kiti, ananiuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Ila tangu siku ile ananiita kwa jina langu. Neno "kaka" halitamki tena.