Kitambaa cha Mkwajuni

Bustani ile ya msitu iko kwenye rasi iliyozungukwa na maji ya hori ya Kilifi pande tatu. Upande wa nne kuna lango, na langoni yuko Gerishom, mlinzi na mfagizi wake. Mji umejengwa hadi ukutani, lakini ndani bado kuna tumbili na kivuli. Gerishom alitoka bara kutafuta kibarua, na siku hizi hakuna anayetupa ganda la ndizi bustanini mwake akaenda zake salama. Usafi kwake ni dini ya pili, na mara nyingine huipiku ile ya kwanza.

Ndio uliomponza. Mwisho wa msitu pana mkwaju ambapo wanawake wa Mnarani hufunga vitambaa vya nadhiri. Mtu akijaliwa alichoomba, huja mwenyewe na ubani, akakifungua kitambaa chake kwa mkono wake. Gerishom, mzee wa kanisa, aliviita matambara. Aliposikia wageni wa ofisini wanakuja kukagua bustani, alikikata kimoja cheupe kilichokuwa kikining'inia njiani, akakichoma pamoja na majani makavu.

Jioni ile ile jirani yake, Bi Zakiya, alipita langoni akitoka hospitali. Bintiye Raiya alikuwa amelazwa, mimba ikimsumbua.

"Gerishom mwanangu, kitambaa changu cheupe kingalipo?"

"Kipo, mama."

Mwongo mkubwa! Naye alijua. Kanisani aliimba kwa midomo tu. Simu ya jirani ikilia, alidhani ni msiba, na kwamba ameuleta yeye. Hatimaye alichana leso ya mkewe, akafunga kipande chake chenye maua mkwajuni, tawi lile lile, akamwombea Raiya kwa jina la Yesu kwa kuwa hakujua njia nyingine.

Raiya alijifungua salama. Bi Zakiya akaja na chetezo cha ubani, uso umemnawiri, Gerishom akimfuata nyuma kwa miguu mizito. Walipofika mkwajuni, mama akasita.

"Changu kilikuwa cheupe. Hiki ni cha nani?"

"Changu, mama. Chako nilikichoma. Nisamehe."

Bi Zakiya aliweka chetezo chini.

"Ulikifunga kwa nia gani?"

"Raiya apone."

"Basi kifungue wewe. Mimi sikukifunga."

Gerishom akashika fundo. Alikuwa amelikaza kwa hofu, nalo likagoma. Macho yalimjaa maji. Bi Zakiya hakumsaidia. Aliketi juu ya mzizi, akapuliza makaa ya chetezo yasizime, akamngoja.