Tangi Lisiloguswa

Siku yangu ya kwanza kiwandani niliingia na ndala. Nilikuwa nimetoka Kinampanda na kibegi kimoja, nikidhani kukamua alizeti ni kazi ya jikoni iliyokuzwa tu. Msimamizi wa zamu alinitazama miguuni, akanipeleka stoo nikapewa buti, ovaroli, glovu na miwani ya kinga. Buti zilikuwa kubwa nikatembea kama bata, lakini furaha niliyokuwa nayo haielezeki. Nimeajiriwa!

Nilipangiwa kitengo cha kusafisha mafuta. Ninyi vijana mnaoyanunua dukani yaking'aa, jueni kwamba yakitoka kwenye mashine bado ni ghafi, na yana asidi. Tuliyasafisha kwa kostiki soda, vipande vyeupe mithili ya chumvi ya mawe. Ukishaiyeyusha unaichanganya na mafuta, asidi inageuka sabuni na kutuama chini. Soda ndiyo huingizwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukiimwagia maji, inachemka na kukurukia. Ikikuingia jichoni haikupi nafasi ya kufikiri. Dawa ni maji, mengi, papo hapo, bila kuacha. Si maziwa wala asali, ingawa sisi wa Singida asali tunaipaka kila kidonda.

Kwa hiyo tulikuwa na bafu la dharura, yaani bomba lenye mnyororo wa kuvuta, na juu yake tangi lake peke yake. Hapo ndipo palikuwa na kasheshe. Kiangazi kikikaza, majirani walikuja getini na madumu, na kwetu mtu hanyimwi maji. Msimamizi wa zamu, mtu wa huruma kweli, aliwachotea kutoka tangi lile. Alisema maji yamekaa tu na watu wana kiu. Ungemjibu nini?

Mkemia wa kiwanda, mama mmoja mfupi asiyejua kutembea polepole, akaanzisha mafunzo ya hiari. Yale ya lazima tulishapata, tukasaini, tukasahau. Haya yalikuwa Jumamosi baada ya zamu, bila posho, chai ya rangi tu. Tulikwenda wachache. Akatufunga vitenge machoni.

"Sheria imewapa miwani," alisema. "Siku miwani ikidondoka, nani atawaonyesha njia?"

Tukaanza kutembea gizani, kutoka pipa la kuchanganyia hadi kwenye mnyororo, mkono ukipapasa ukuta. Tulicheka mpaka mbavu zikauma! Zainabu, binti wa Iguguno niliyefanya naye kazi pipa moja, alivuta mnyororo akalowa chapachapa, akaomba arudie. Tangu hapo niliingoja Jumamosi kama sikukuu. Msimamizi hakuja; alisema hana umri wa kucheza kombolela.

Jumamosi moja Zainabu alivuta mnyororo, maji hayakutoka. Tangi lilikuwa kavu. Hakuna aliyecheka. Mkemia akataka tangi litiwe kufuli, nasi tukamkatalia, kwa kuwa kufuli juu ya maji ni aibu kubwa. Nikatoa wazo: tuweke pipa getini, na kila anayehudhuria mafunzo aje kazini na dumu la kulijazia, ili jirani asirudi mikono mitupu. Kisha nikamfuata Msimamizi, nikamwamkia.

"Mzee, mwenye kostiki jichoni naye ana kiu," nikamwambia. "Tusimnyime."

Alikwenda mwenyewe kufungua bomba. Tukalijaza tangi, na halikuguswa tena.

Kiangazi hichohicho, Zainabu aliinua miwani afute jasho, na mpira wa kupitishia kostiki ukachomoka, ukamrushia machoni. Nilisikia ukelele mmoja, kisha nikauona mkono wake ukipapasa ukuta. Alikuwa anatembea! Nilikimbia mbele yake nikiondoa ndoo na vyuma njiani. Msimamizi alitoka mbio ofisini, na alipofika, Zainabu alishauvuta mnyororo mwenyewe. Maji yakashuka. Tukamshika, mimi na Msimamizi, tukamfungua kope kwa vidole.

"Usifumbe, mwanangu, usifumbe," Msimamizi alimbembeleza, naye amelowa hadi soksi.

Gari lilipokuja, tulibeba madumu ya maji ya pipa la getini na kuendelea kumwosha hadi hospitali. Daktari alimfunga bandeji macho yote mawili, akasema tusubiri. Nilisubiri kwa hofu ambayo sijapata kuwa nayo tena maishani.

Jumamosi iliyofuata Msimamizi alikuja kwenye mafunzo na kitenge cha mkewe mkononi. Alijifunga, akajigonga kwenye nguzo, akarudia.

Baadaye nilifanywa mkufunzi. Nilipelekwa hadi Kiomboi, kwenye mashine ndogo za kukamua, nikawafunga watu vitenge huko pia. Sasa nimestaafu. Buti zangu zimebaki kiwandani, miguu yangu imerudi kwenye ndala. Watu huniuliza nilipata nini kwa Jumamosi zote hizo zisizolipwa, nami hucheka tu, maana jibu lake huwa nalifuata mwenyewe.

Juzi nililifuata tena. Mafunzo bado yapo, na bado ni ya hiari. Nilishuka kwenye bodaboda ng'ambo ya barabara, jua likiwa kali, vumbi tele. Mkufunzi wa sasa alikuwa amesimama chini ya tangi, akiwafunga wageni vitenge. Akaviacha, akanikimbilia hadi getini.

"Shikamoo mama," alisema Zainabu. "Nimekuona tangu kule barabarani."