Kasuku wa Mtu wa Pampu

Mjomba wangu Barthélemy alichunga pampu za kiwanda hapa Likasi kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mkubwa aliyelijua jina lake mpaka siku ya kumkabidhi barua ya pensheni. Hata barua hiyo ilibeba jina jingine, kwa sababu serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Kasuku wake hakuwa amepata habari ya sheria hiyo. Kila jioni alipanda juu ya kizimba na kuita "Barthélemy!" mpaka barabara nzima isikie, na mke wa mjomba, Mama Germaine, alikimbia kufunga dirisha.

Kasuku huyo, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, alikuwa na umri wa karibu miaka thelathini. Aliitwa Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa sababu alikuwa amejifunza king'ora cha kiwanda. Kila alfajiri alikitangulia king'ora chenyewe kwa dakika chache, akikitoa chote, kutoka mwanzo wake mzito mpaka mwisho wake mwembamba, na wanaume wa kambi yetu ya wafanyakazi wakaamka. Casimir, jirani yetu aliyefanya kazi kwenye tanuru, alikuwa ameacha hata kutia ufunguo saa yake ya mezani.

Mwaka ule nilitoka chuo kikuu cha Lubumbashi kwa likizo ya Pasaka, mvua zikiwa hazijakatika. Mjomba alikuwa ametimiza miezi miwili nyumbani tangu astaafu. Nilikuta Kapita amenyamaza siku ya tatu, na Casimir amechelewa kazini mara mbili.

"Baba, ndege yako nayo imepata pensheni," Casimir alisema akiegemea ua.

"Acha ipumuzike," Mama Germaine akamjibu. "Iko muzee sawa bwana yake."

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na niliyatoa nikiwa nimesimama katikati ya ua. Nilisema ndege amegoma. Nilisema kiumbe aliyewaamsha wengine kwenda kazini maisha yake yote amefika mahali pa kukataa, na kwamba watu wanaolazimishwa kukiimbia na kukichezea chama tawala kabla ya kushika vyombo vya kazi wangefaa wajifunze kwake.

Casimir alichungulia barabarani kwanza.

"Monsieur, sema polepole. Weye utarudia ku Lubumbashi. Sisi tutabakia hapa na masikio ya batu."

Mjomba hakutusikiliza. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kizimba.

"Mwipwa, kuja huku. Ona mukia."

Nilitazama. Mkia ulipanda na kushuka kwa kila pumzi, kama mpini wa pampu ya mkono. Manyoya yalikuwa yamefura ingawa jua lilikuwa kali. Kapita alisinzia mchana akiwa amesimama kwa miguu yote miwili, yeye ambaye siku zote alilala kwa mguu mmoja, mwingine ameuficha tumboni. Nilipopiga hatua karibu, alifumbua macho, akalaza manyoya, akanyooka. Ungeapa ni mzima.

"Anatudanganya," mjomba alisema. "Pampu njo vile. Shefu akipita, inazunguka muzuri. Akitoka, inaanza kukohoa."

Kazini alikuwa na kijiti kimoja cha mti mgumu: ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni. Nchi hii imejaa watu kama yeye, wanaosikia ubovu kabla sindano ya kipimo haijasogea, na hakuna anayewauliza chochote. Alimtoa Kapita kizimbani, akaweka sikio mgongoni pake, kisha akapitisha kidole kifuani. Mfupa ulikuwa umechongoka chini ya manyoya.

"Mule ndani kuko muchanga," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao. "Anaweza kufa, Mama Martine."

Mama Germaine aliacha sufuria.

"Pampu ikikohoa," mjomba aliendelea, "unaangalia kwanza kile inavuta."

Aliingia jikoni akatoka na gunia. Wenzake wa nyumba ya pampu walikuwa wamelileta kutoka Kakanda siku ya kumuaga, karanga tupu, na yeye aliliweka pembeni ya babula, jiko letu la mkaa, kwenye joto, mvuke na moshi, akalifunika kitambaa kama kitu cha kanisani. Yeye na mkewe hawakuonja, wakimngoja binti yao Martine aje kutoka Kambove kwa sikukuu. Kapita peke yake alipewa, kila siku, zile kubwa kubwa. Mjomba alipasua ya kwanza: nzuri. Ya pili ilitoa vumbi la kijani na harufu ya ukuta uliolowa.

Alikaa chini.

"Minye mwenyewe njo nilimukulisha."

"Ulimukulisha na mapendo," mkewe alisema. "Sasa mwaga."

Alizimwaga zote shimoni, zawadi ya wenzake, na sijawahi kumwona akitupa chakula siku nyingine.

Sista Hélène, aliyetibu kuku wa misioni, alimpa unga wa dawa wa kutia majini. Aliagiza joto, papai, mahindi ya kuchemsha, na moshi marufuku. Hakuahidi kitu: mapafu ya mzee ni ya mzee. Kizimba kikahamia chumbani mwao. Kila alfajiri mjomba aliamka saa ileile ya zamu na kuweka sikio mgongoni.

Siku ya tisa ya dawa Kapita alilala kwa mguu mmoja. Mama Germaine alinivuta mkono nikaone, tukasimama mlangoni kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, king'ora kililia ndani ya nyumba: kifupi, chenye mikwaruzo, nusu ya kile cha zamani. Casimir, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, alitokea uani akiwa na kiatu kimoja.

"Baba Barthélemy, saa ngapi? Ndege yako iko na wazimu?"

Mjomba alimwashiria anyamaze. Sikio lake lilikuwa mgongoni mwa Kapita, macho ameyafumba.

"Inazunguka," alisema, akampa kasuku kipande cha papai, na kingine akampa Casimir.